Saini Hii ni ya Nani?

(Maneno haya yalisemwa mbele ya wakulima na wachuuzi wa Luvungi, katika bonde la Ruzizi. Tunayachapa yote, kwa sababu wengi waliokuwa nyuma walisema hawakusikia vizuri.)



Leo sikuja kuwasomea majina ya wakubwa. Nimekuja kusema juu ya herufi mbili ndogo. Herufi hizo ni P na O. Mwenye macho amekwisha kuziona. Zinakaa chini ya karatasi ya ofisi, karibu na muhuri, kabla ya saini. Ni Kifaransa, na maana yake ni hii: kwa amri ya mkubwa. Yaani aliyetia saini si mkubwa mwenyewe. Ni mtu mwingine, naye asema mkubwa amemtuma.

Nilizijua herufi hizo nikiwa kijana. Baba yangu mdogo alikuwa na shamba la mihogo na mpunga, upande wa chini wa barabara, kuelekea mto. Siku moja akaja mtu na karatasi. Karatasi ilisema kwamba shamba lile limepewa mwingine. Baba mdogo hakujua Kifaransa, akanipa mimi nisome. Nikasoma mpaka chini. Palikuwa na muhuri mwekundu, palikuwa na P.O., na baada yake mstari uliopindapinda kama nyoka. Jina hapana.

Tukaenda kwenye ofisi moja, jina lake silitaji. Wa kwanza akasema, "Mkubwa yuko safarini." Wa pili akasema, "Amri imetoka juu." Tukauliza, juu kwa nani? Akatutazama kana kwamba tumemtukana. Tulikwenda na kurudi miezi mingi. Mwisho baba mdogo aliachiwa nusu ya shamba lake. Nusu nyingine ilikwenda, na mpaka siku aliyokufa hakumjua mtu aliyeitoa.

Basi, ndugu zangu, hilo ndilo neno langu la leo. Mkubwa wa nchi anapowapa watu wa ofisi mamlaka aliyopewa na sheria, raia ana haki ya kuuliza nini?

Kwanza tuseme kweli. Mkubwa lazima atume watu. Nchi yetu ina kilomita za mraba zaidi ya milioni mbili. Toka hapa mpaka Kinshasa ni mbali. Hata ndege hukata mawingu saa nyingi. Rais hawezi kupima kila shamba la Luvungi, wala kutia saini kila cheti cha ndoa na kila ruhusa ya kujenga. Akisema atafanya yote peke yake, hakuna litakalofanyika. Kwa hiyo kutuma si kosa.

Lakini tazameni mwenye ng'ombe na mchungaji wake. Mwenye ng'ombe humwambia mchungaji: lisha, nywesha, kamua maziwa ya watoto wako. Hamwambii: chinja. Wala hamwambii: wape wengine wachunge kwa niaba yako. Na ng'ombe akipotea, jirani aliyeharibiwa shamba lake hamwendei mchungaji tu. Humwendea mwenye ng'ombe. Hayo mnayajua tangu utoto. Mambo ya Serikali ni yale yale.

Sasa tutazame nyuma kidogo, kwa sababu ardhi yetu imetumwa-tumwa kwa miaka mingi.

Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alijiita mwenye Kongo tangu 1885. Mfalme yule hakukanyaga Kongo hata siku moja. Maana yake ni kwamba kila kitu kilichofanyika hapa kwa jina lake kilifanywa na watu waliotumwa. Tarehe 1 Julai 1885 ilitoka amri kwamba ardhi isiyo na mtu ni mali ya Serikali. Nani aliamua kama ardhi haina mtu? Mtumwa wa mfalme, siyo mwenye kulima. Shamba lililopumzishwa ili lipate nguvu, yeye aliliona pori.

Halafu mwaka 1900 ikaundwa Kamati Maalum ya Katanga. Ilikuwa na wajumbe sita: wanne wa Serikali, wawili wa kampuni. Kamati hiyo ilipewa ardhi ya kugawa, na zaidi ya hayo ikapewa hata kazi ya kutawala. Fikirini ndugu zangu: mamlaka ya kutawala watu yamewekwa mezani, na watu wa kampuni wamekaa kwenye meza hiyo hiyo!

Wabelgiji wenyewe waliona hatari. Ubelgiji ilipoichukua Kongo mwaka 1908, ikaandika katika sheria ya koloni kwamba Serikali haiwezi kukabidhi mamlaka yake ila kwa watu na vyombo vilivyo chini yake, vinavyopokea amri kwake na kujibu kwake. Ile Kamati ya Katanga ikapewa muda mfupi tu, na mwaka 1910 kazi ya kutawala ikaondolewa mikononi mwake. Lakini ardhi na madini vilibaki kwake. Mlango ulifungwa, dirisha likaachwa wazi.

Kwa dirisha hilo hilo, mwaka 1928 ikaingia Kivu kamati nyingine kwa mfano wa ile ya Katanga. Ndiyo Kamati ya Taifa ya Kivu, iliyojulikana kwa herufi zake CNKi. Ilikuwa chombo cha Serikali pamoja na makampuni. Kazi yake ilikuwa kusimamia ardhi za Serikali katika Kivu na kuwapa walowezi waliotaka mashamba ya kahawa na ya mazao mengine. Mwenyeji aliyelalamika aliambiwa aende kwa kamati. Kamati ikasema ina haki kutoka kwa mfalme. Na mfalme alikuwa Ulaya. Nani atajibu? Hapo ndipo tulipoanza kuzoea neno hili: "Amri imetoka juu."

Uhuru ulipokuja mwaka 1960, waandishi wa Sheria ya Msingi ya 19 Mei waliweka kizuizi kimoja kizuri. Walisema tendo la Mkuu wa Nchi halina nguvu mpaka waziri atie saini pamoja naye. Saini ya pili si pambo. Maana yake ni: mimi nitajibu mbele ya Bunge juu ya jambo hili. Ndiyo maana Rais Kasa-Vubu, alipomwondoa Waziri Mkuu Lumumba tarehe 5 Septemba 1960, alihitaji mawaziri wa kutia saini. Wakatia Bomboko na Delvaux. Watu waligombana sana juu ya jambo lile, na uchungu wake ulidumu. Lakini hakuna aliyesema hajui saini zilikuwa za nani. Wote walijulikana. Na Katiba ya 18 Februari 2006 nayo iliweka kwamba amri za Rais, isipokuwa chache zilizotajwa, zitiwe saini na Waziri Mkuu pia.

Basi huko juu kabisa, saini ina majina mawili. Kwa nini huku chini, shambani kwa baba mdogo, isiwe na jina hata moja?

Tuje sasa kwenye ardhi yenyewe. Mwaka 1966 sheria iliyoitwa ya Bakajika ilirudisha kwa Taifa ardhi na madini yaliyogawiwa na wakoloni. Halafu ikaja sheria kubwa ya 20 Julai 1973. Hiyo ilisema udongo wote ni mali ya Serikali, hauuzwi kabisa, bali watu hupewa haki ya kuutumia. Na sheria hiyo, kifungu cha 183, ilijenga ngazi. Nataka mwijue ngazi hiyo, maana wengi wameporwa kwa kutoijua.

Hekta moja ni mita 100 kwa mita 100. Shamba la hekta 200 ni kama kilomita mbili urefu na kilomita moja upana. Sheria ya 1973 ilisema hivi juu ya ardhi za mashambani. Mpaka hekta 200, mkataba hutiwa saini na gavana. Kupita 200 mpaka 1,000, lazima waziri akubali kwa amri yake. Kupita 1,000 lakini chini ya 2,000, lazima amri ya Rais wa Jamhuri. Na kuanzia 2,000, hata Rais peke yake hatoshi: lazima sheria ya Bunge. Chini kabisa, gavana aliruhusiwa kumpa mtunza vyeti vya ardhi kalamu ya kutia saini kwa mashamba yasiyofika hekta kumi.

Mmeona? Hii ni kutuma kwa akili. Kadiri ardhi inavyokuwa kubwa, ndivyo saini inavyopanda juu, mahali ambapo watu wengi wanaona. Na sheria ilisema mkataba usiotiwa saini hivyo si halali. Siyo kwamba una kasoro kidogo. Si halali.

Lakini mwizi naye anajua kuhesabu. Mtu akitaka hekta 600, anajua kwamba itampasa aende kwa waziri. Basi anaweza kuandika maombi matatu: hekta 200 kwa jina lake, 200 kwa jina la mkewe, 200 kwa jina la shemeji. Kila karatasi peke yake inasimama kwenye ngazi ya gavana. Ukiziweka pamoja, ni shamba moja, uzio mmoja, na waziri hakuona kitu. Kwa hiyo mkiona wapimaji wanapima mara tatu mahali pamoja, msihesabu karatasi. Hesabuni hekta.

Tena sheria hiyo ilisema kwamba kabla ya kumpa mtu ardhi ya mashambani, lazima uchunguzi ufanyike pale pale. Wahesabiwe watu waliopo au wanaofanya kazi humo. Viandikwe vitu vilivyomo: nyumba, miti, mazao. Wasikilizwe wenye malalamiko, hata wakisema kwa mdomo tu. Kwa mdomo tu, mama zangu! Hakuna aliyewaambia lazima mwandike Kifaransa. Baba mdogo hakuhesabiwa, mihogo yake haikuandikwa, wala hakuna aliyemsikiliza. Karatasi ile ilikuwa imevunjika tangu mwanzo, nasi hatukujua.

Sasa nafika kwenye jambo lililo zito kuliko yote.

Sheria ile ya 1973 ilisema mashamba ya wenyeji, yanayokaliwa na kulimwa kwa desturi, nayo yamekuwa ardhi ya Serikali. Kisha, katika kifungu cha 389, ikasema haki za watu juu ya mashamba hayo zitapangwa kwa amri ya Rais wa Jamhuri. Kazi hiyo hakupewa gavana, wala waziri, wala Mwami. Rais mwenyewe.

Amri hiyo haikutoka. Mwaka 1980 haikutoka. Mwaka 1990 haikutoka. Mwaka 2013 Serikali iliunda tume ya kitaifa ya kutengeneza mambo ya ardhi, na watu wakatumaini. Mwaka 2023 sheria ilitimiza miaka 50, na amri ya kifungu cha 389 ilikuwa bado.

Ndugu zangu, mamlaka ni kama maji ya mfereji. Ukiyafungulia bila kingo, yanaharibu shamba. Ukiyafunga kabisa, shamba linakauka, na majirani wanaanza kutoboa mfereji usiku, kila mtu upande wake. Ndivyo ilivyokuwa. Rais alishika mamlaka yale mkononi, hakuyatumia, wala hakumpa mwingine ayatumie. Je, mashamba yalingoja? Hayakungoja. Watu walizaliwa, wakaoa, wakafa, wakarithi. Hapa Luvungi, chini ya Mwami wa Bafuliiru, watu waliendelea kupata mashamba kwa desturi kama zamani. Kule ofisini wengine walitafuta sertifika. Shamba moja likapata wenyewe wawili: mmoja ana mashahidi na makaburi ya babu zake, mwingine ana karatasi na muhuri. Kila mmoja asema yuko kwenye haki. Nao wote wawili wanaweza kuwa watu wazuri! Ugomvi wao haukuanzia moyoni mwao. Ulianzia kwenye amri moja ambayo haikuandikwa.

Kwa hiyo msidhani shida ni wakubwa kutoa mamlaka kupita kiasi tu. Shida ni pia mkubwa kukalia mamlaka ambayo hayatumii. Mwenye ufunguo asiyefungua ghala, wala hamwachii mtoto ufunguo, watoto wakilala njaa yeye ndiye aliyewalaza.

Wenzetu walifanyaje? Tazameni ng'ambo ya ziwa, Tanzania. Huko sheria za ardhi za 1999, zilizoanza kutumika mwaka 2001, zilisema ardhi yote iko kwa Rais, lakini kama mdhamini wa raia wote. Mdhamini si mwenyewe. Halafu ardhi ya kijiji ikawekwa chini ya halmashauri ya kijiji. Na je, halmashauri ifanye itakavyo? Hapana. Haiwezi kumgawia mtu ardhi mpaka mkutano mkuu wa kijiji ukubali kwanza. Rais akitaka kuhamisha ardhi ya kijiji kwa kazi nyingine, na haizidi hekta 250, ni mkutano wa kijiji unaokubali au kukataa. Sisemi huko hakuna ugomvi. Upo, na wakulima wa huko nao wamelia. Nasema tu kwamba walithubutu kuyashusha mamlaka mpaka chini ya mti, mahali wananchi wanapokaa.

Hata Marekani, nchi yenye ofisi nyingi kuliko majani, waliona lazima waweke mipaka. Mwaka 1950, wakati wa Rais Truman, walitunga sheria ya kumruhusu Rais awape wakubwa wa ofisi kazi alizopewa na sheria. Lakini kwa masharti. Atoe ruhusa kwa maandishi. Maandishi yachapwe katika gazeti la Serikali, kila mtu asome. Anayepewa, kama si mkubwa wa idara au wa ofisi, awe mtu aliyekubaliwa na Baraza la Senati. Rais aweze kuyarudisha wakati wowote. Na sharti la mwisho: kumtuma mtu hakumwondolei Rais wajibu wake juu ya kazi iliyofanywa.

Sharti hilo la mwisho ndilo nataka mlibebe mpaka nyumbani. Kazi hutumwa. Wajibu hautumwi.

Basi mtu akija na karatasi shambani kwako, usimpige, usimtukane, wala usikimbie. Wazee walisema mjumbe hauawi. Ni kweli. Lakini mjumbe naye hasemi asilotumwa. Mkaribishe, mpe kiti, kisha muulize maneno matano.

La kwanza: Jina la aliyetia saini ni nani, na kazi yake ni ipi? Mstari uliopinda si jina.

La pili: Nani alimpa mamlaka hayo, na karatasi ya kumpa iko wapi? Kama ni P.O., ameshika kalamu ya mkubwa tu. Mkubwa lazima awepo na ajue. Kama ni P.I., amekaa kwenye kiti cha mkubwa kwa muda. Muulize tangu lini na mpaka lini.

La tatu: Mamlaka hayo yanafika wapi? Hekta ngapi? Aliyepewa kumi asigawe hamsini.

La nne: Uchunguzi ulifanyika siku gani, na ni nani aliyehesabiwa katika shamba hili?

La tano: Nikipinga, niende kwa nani aliye juu yako? Akijibu "juu," mwambie juu ni mbinguni, nawe unataka mlango wa ofisi.

Sheria hubadilishwa. Kesho namba ya kifungu inaweza kuwa nyingine, na hekta nyingine. Maneno hayo matano hayabadiliki.

Sasa naomba niwaambie na sisi wenyewe, msikasirike. Ni nani anayemfundisha karani kutia saini isiyo yake? Ni sisi, tunapompa kitu chini ya meza ili karatasi yetu itoke leo. Karani aliyetia saini ya uongo kwa kukupendelea wewe mwezi huu, mwezi ujao atatia saini ya uongo kukunyang'anya. Mkono ni ule ule. Na yuko mzee anayemwonyesha mgeni mpaka wa shamba, akapokea mbuzi, na mwaka wa pili akamwonyesha mwingine mpaka ule ule, akapokea mbuzi wa pili. Huyo naye anatumia mamlaka asiyopewa. Tusidai jina la mkubwa wa Kinshasa hali sisi hatutaki majina yetu yajulikane.

Pia wekeni mashahidi. Mkutano wa kijiji ukikaa juu ya shamba, aandike mwenye kujua kuandika: siku, majina, mipaka, mti gani, mfereji gani. Vijana, kazi hiyo ni yenu. Kalamu ya shule inatosha. Karatasi yenye majina kumi ya watu wanaojulikana hailingani na sertifika, lakini mbele ya mchunguzi au ya jaji ni sauti, na inasikika kuliko kilio.

Ndugu zangu, uhuru haukuja ili tubadilishe mkono unaoshika muhuri tu. Wakati wa Bula Matari hatukuruhusiwa kuuliza aliyetutuma amri. Raia ni yule anayeuliza, akajibiwa. Baba yangu mdogo alikufa bila kujibiwa. Shamba lake nusu liko kule chini, mnalipita mkienda mtoni. Sisemi tukalichukue usiku. Nasema mtoto wake, akiletewa karatasi kesho, asiniite mimi nimsomee. Asome mwenyewe mpaka chini, na akifika kwenye saini, anyanyue macho aulize: hii ni ya nani?

 Sasa nipo, ulizeni.